Beji Iliyobaki Chumba cha Eksirei

Jumatatu, 4 Machi

Sijamwambia mtu yeyote. Beji ya Mama ni mimi niliyeiacha mle ndani.

Ngoja niandike vizuri, maana kichwani inazunguka tu. Mama anapiga eksirei. Juu ya ile aproni nzito ya madini ya risasi hubandika kibeji kinachopima mionzi inayomfikia. Kila miezi mitatu kinapelekwa kusomwa. Hakionyeshi mionzi iliingia siku gani, kinajumlisha tu. Ijumaa moja mwezi wa kwanza nilimpitia kazini. Huku anavua aproni akaniambia — hivihivi, kama anayenituma chumvi — kwamba ana ujauzito. Wa Fundi. Fundi ni mumewe mpya, anatengeneza mafriji, nimegoma kumwita baba. Mama akanipa aproni nikaitundike koridoni kama siku zote. Kwa hasira nikaitupia kwenye msumari wa ndani, karibu na mashine. Beji juu yake.

Kesho yake kichefuchefu kikamlaza. Likizo, wiki tatu! Beji ikabaki mle inakula mionzi ya kila mgonjwa aliyepigwa picha. Aliporudi aliikuta koridoni, nadhani wafagiaji waliitoa.

Leo majibu yamekuja. Juu mno. Mkuu wake kamwuliza kama aliwahi kuisahau mahali. Mama kaapa: hata siku moja. Wamemtoa chumba cha eksirei, wamempeleka masjala kupanga mafaili.

Na mimi? Nilifurahi. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Kwa dakika kama tano hivi nilifurahi.

Jumatano, 6 Machi

Fizikia. Mionzi! Kati ya mada zote duniani. Alfa inazuiwa na karatasi. Beta inahitaji bati la alumini. Gama na eksirei hupenya nyama kama hazioni mtu, hadi zikutane na risasi au ukuta mnene, na hata hapo nyingine hupita. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inabaki robo. Yaani hatua chache tu, hadi koridoni, nyuma ya ukuta, na beji isingesoma kitu!

Mwalimu akauliza nani anajua eksirei inazuiwa na nini. Najua. Mkono ukagoma. Yule mropokaji wa nyuma akasema mwulizeni Bubu (ndivyo wanavyoniita), mama yake si ndiye anayewachungulia watu mifupa? Darasa zima kicheko.

Mwalimu akasema sauti haiendi bila kitu cha kuipitisha, ila mionzi hupita hata patupu. Mimi hewa ninayo tele na sauti haitoki. Shuleni Kiingereza, nyumbani Kiswahili — lugha mbili, na sentensi moja imenishinda.

Ijumaa, 8 Machi

Wamegombana jikoni. Fundi anasema alimwonya kuhusu kazi ile. Mama: mbona mshahara wake hukuuonya? Fundi akauliza, sauti ndogo sana, mtoto je?

Mama alikuwa anaosha sufuria ileile moja. Muda wote huo!

Mimi mlangoni na kikombe. Ilikuwa niseme: Mama, beji ilikuwepo, wewe hukuwepo. Nikasema: sabuni imeisha?

Jumapili, 10 Machi

Sikusema.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari amemwambia huenda mtoto hana neno, ila kwa namba zile hawezi kumwapia. Mama hataki huenda, ni wa kuapiwa au basi. Anazijua namba, ameishi nazo miaka kumi na sita. Alikaa kitandani kwangu — hajakaa pale tangu aolewe — akasema: mwanangu, sitazaa mtu halafu niwe namwomba msamaha kila siku. Kesho saa nne wanamwingiza, waitoe mimba. Fundi hospitali zinamtetemesha, kwa hiyo niende mimi, nimshike mkono.

Nikasema sawa. Sawa! Kama ameniomba nimsindikize sokoni.

Yule mtoto simpendi. Sikumwomba. Lakini hajapigwa na mionzi ile! Siku zote zile alikuwa hapa nyumbani, chini ya blanketi la Mama, mzima. Anayeua si mashine. Ni mimi na mdomo wangu.

Jumanne, 12 Machi

Saa tatu kasorobo. Nimevaa sare ingawa siendi shule, sijui kwa nini. Mama anaoga. Fundi yuko uani, ameifungua friji ya mteja na haigusi.

Nimeamua. Daftari nitaliacha wazi juu ya meza, ukurasa wa kwanza kabisa. Mdomo ukigoma, asome mwenyewe. Akinichukia na anichukie. Kazi atarudishiwa. Na yule mwingine —

Maji yamefungwa. Kandambili zake, koridoni. Ananiita: mama, uko tayari? Anakuja. Nilisema sifichi. Nimejiapiza sifichi, na huu mkono mwingine tayari unalisukuma daftari chini ya mto huku bado naandi