Spika ya Nyuma, Upande wa Mlango

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, Kibiti nzima imekuwa tope. Nimekimbilia kwenye kompyuta za kukodi hapa karibu na stendi kwa sababu sitaki kubaki nyumbani na Baba. Naona haya hata kuliandika.

Kaka yangu Shabani alifika Jumamosi kutoka Dar na muziki mpya: spika tano na besi lake. Siku hizi madukani kila kitu kipo. Baba ana gramafoni na santuri za taarabu alizonunua ujanani, wala hakubali kwamba sauti ikikuzunguka ndiyo inakuwa tamu zaidi. Mwimbaji ni mmoja, alisema, kwa nini atokee kila pembe?

Shabani alikuwa ameshajipanga. Safari iliyopita aliondoka na santuri aliyoipenda sana marehemu Mama, akaihamishia kwenye CD huko mjini. Jumapili baada ya adhuhuri akatuketisha sebuleni, spika tatu mbele yetu, mbili nyuma.

Wimbo ulianza vizuri. Ubeti wa pili, kwenye spika ya nyuma, upande wa mlango, nikasikia mwanamke akiufuatisha kwa mguno, kama mtu anayepeta mchele. Mahali fulani akapotea, akarudia.

Mama, enzi zake, alikuwa akipotea mahali pale pale.

Baba hakugeuka. Alisema taratibu, "Mama Shabani, kaa basi. Mbona umesimama mlangoni?"

Mama tulimzika kwao Mohoro, mwaka wa sita sasa.

Shabani akasema labda fundi aliyehamisha alikuwa na mkewe dukani. Tukaiweka santuri yenyewe kwenye gramafoni. Mikwaruzo, fidla, mwimbaji. Mguno hakuna. Baba akatuambia miaka yote hii ameisikiliza akimtafuta, na humo hayumo.

Tangu hapo amegeuza kiti. Anakaa ametupa mgongo, uso kwenye spika ile, CD inarudia na kurudia. Jana alasiri ilipita hakwenda msikitini, jambo ambalo sijapata kuliona maishani mwangu. Usiku aliniambia niongeze sahani.

Niliongeza. Sikujua nimkatalie vipi.

Leo asubuhi alipotoka kwenda uani, nikachomoa waya wa spika ile. Shabani aliniona. Baba akarudi, akabonyeza mwenyewe. Sauti ikatoka mbele na pembe ya pili. Upande wa mlango kimya. Yeye akasogeza kiti karibu zaidi na spika iliyokufa, akaanza kuguna. Ubeti wa pili akasita, kama anayemsubiri mwenzake ajirekebishe. Kisha akacheka kidogo, wakaendelea.

Nimeandika wakaendelea. Siifuti.

Nilitoka bila mwamvuli. Njia nzima nilijiambia namwogopea Baba, akili yake, sala zake. Si kweli yote. Ule mguno niliusikia mara moja tu, Jumapili, nikautaka tena, halafu mimi mwenyewe nikaukata. Sasa Mama amebaki kwa Baba peke yake.

Mvua ikipungua nitarudi, nirudishe waya mahali pake, nivute kiti kando ya Baba. Kuacha kumsikia hataacha. Basi bora tumsikie sote.