Baba, Mhariri Amekukataa

Baba,

Shikamoo. Najua safari hii hakuna wa kuniitikia, lakini nikianza bila shikamoo nitakuona umeshikilia kikombe hewani, hunywi wala hukiweki chini, unaningoja nikumbuke adabu. Kwa hiyo shikamoo tena, moja ya akiba.

Ninaandika nikiwa jikoni kwangu, Mafiga. Nina habari mbaya: mhariri amekukataa.

Nianze mwanzo. Tangu tukuzike mwaka jana nimekuwa nikiandika hadithi juu yako. Walimu kadhaa wa fasihi hapa mjini tunakusanya kitabu cha hadithi kuhusu wazazi na watoto, nami nikaona, nani mwingine nimwandike? Jina nimelibadilisha, humo unaitwa Dominiki. Kijiji sikukitaja, ingawa mtu yeyote wa kule kwetu Towelo akifika kwenye lile koti la mvua linalovaliwa juani atajua ni nani. Mhariri wetu ni Mwalimu Zuhura, rafiki yangu tunayefundisha naye. Ndiye aliyeupanda mlima siku ya msiba wako na sufuria ya pilau kichwani, akitutukana sote kwa kuzaliwa mbali na barabara.

Nilimpelekea Zuhura ukurasa wa kwanza. Ukarudi na mstari mwekundu chini ya sentensi ya kwanza kabisa. Nilikuwa nimeandika hivi: "Dominiki alikuwa baba mpole, mcheshi, mwenye upendo mwingi kwa watoto wake." Pembeni yeye ameandika: "Nani kasema? Mimi simwoni."

Iliniuma, Baba. Iliniuma zaidi kwa sababu hilo ndilo somo langu mwenyewe. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha tatu na chaki mkononi nikiwaambia kwamba mwandishi stadi hamtangazi mhusika wake kama mgeni rasmi. Humwacha aingie mwenyewe, ale, akae, anyamaze, majirani wamseme, halafu msomaji ndiye aseme moyoni, aa, kumbe ndivyo alivyo. Nafundisha hivyo mpaka chaki inaisha. Kisha nikafika kwa baba yangu nikakuandikia cheti cha tabia njema.

Nikasema Zuhura ana wivu, nikapanda nyumbani kumsomea Mama. Mama alikuwa anamenya njegere. (Kiti chako sasa anakalia yeye, na redio amehamisha stesheni. Samahani, nilitaka uyasikie kwangu kwanza.) Nilipofika kwenye neno "mcheshi" aliinua kichwa. "Mcheshi? Lini?" Nikaendelea kusoma, sauti ikipungua. Mwisho akasema, "Huyo mwanaume ningekubali anioe mara mbili. Lakini si baba yako." Akarudi kwenye njegere zake.

Basi nikakaa chini kukutafuta upya. Siwezi kusema ulikuwa unaongea. Ulikuwa na "hm" tatu. Moja ilikuwa ndiyo, moja ilikuwa hapana, na ya tatu ilikuwa ya kumfukuza mchungaji wa kilokole bila kumkosea heshima. Nilikumbuka simu zako za Jumapili baada ya misa. Unapiga, unauliza, "Huko Mafiga kunanyesha?" Baba, ulikuwa umesimama ukingoni mwa shamba, mji wote uko chini ya miguu yako, mabati ya Mafiga unayaona moja moja! Nami nilikuwa naharakisha kujibu, "Hainyeshi, Baba," ili nirudi kwenye mambo yangu. Ukasema "hm", ukakata.

Nilikumbuka pia siku ya wazazi pale shuleni kwangu, nikiwa kidato cha kwanza. Wazazi wa wenzangu walikuja na soda na kuku wa kukaanga, wakauliza alama za hesabu. Wewe ulikuja na koti lako na kapu la karoti, ukapita moja kwa moja hadi bustani ya shule. Ukamwita matroni ukamwambia kabichi zake zimebanana, zitakosa hewa. Ukang'oa nyingine mbele yake, ukazipanda upya kwa nafasi uliyoipenda wewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Muda wa kuondoka ulipofika ulinitazama kidogo, ukaniambia, "Udongo wa hapa si mbaya." Halafu ukaenda zako.

Hayo Zuhura aliyapenda, alicheka mpaka akapaliwa. Lakini akasema hadithi bado haina moyo. Akauliza: ni lini huyu baba alitakiwa kusimama kwa ajili ya mtoto wake, na alifanya nini?

Jibu nilikuwa nalo miaka yote. Ulitoka nje.

Nazungumzia kikao kile cha ukoo, nilipochaguliwa kwenda sekondari. Unajua desturi yetu kuliko mimi. Mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na anayeamua ni mjomba. Baba yuko pale kama bwana mkwe, anapewa kiti karibu na mlango. Mjomba Kolumba alisema Bibi amezeeka, mjukuu anayemsaidia shambani ni mimi, nikienda bweni nani atamlimia? Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa chumbani, nakuangalia wewe tu. Nikaomba kwa watakatifu wote ninaowajua useme neno moja. Hata "hm" ningeipokea. Ukachukua kofia yako. Ukatoka. Nikasikia mbuzi analia, nikajua umeenda kumwangalia mbuzi.

Siku nne baadaye Mjomba akaja mwenyewe, akasema, "Huyu mtoto aende shule." Tangu siku ile Mjomba alikuwa shujaa wangu. Tangu nilipoajiriwa, kila Krismasi nilimnunulia shati, tena mikono mirefu, na wewe nikakuletea soksi. Uliniuliza hata siku moja kwa nini? Hukuuliza. Ulizivaa zile soksi mpaka vidole vikatoka.

Nilimwambia Zuhura siwezi kuandika tukio lile, litakuaibisha. Akaniambia, "Usiandike alivyojisikia, hukuwa moyoni mwake. Andika alikokwenda." Nikaona ni jambo jepesi: alikwenda kwa mbuzi. Lakini hadithi inataka mambo ya uhakika. Mbuzi alikuwa amefungwa wapi? Ulikaa naye muda gani? Nikapanda tena mlima kumuuliza Mjomba.

Mjomba Kolumba alinisikiliza akiwa amevaa shati langu la mwaka juzi, lile la mistari. Akacheka. "Mbuzi gani? Baba yako alipita hapo kwa mbuzi akachukua jembe."

Akanisimulia kama mtu anayesimulia mechi ya zamani. Kwamba ulivuka bonde mchana ule ule hadi shambani kwa Bibi, ukalima. Kesho yake alfajiri ukalima tena, ukapalilia maharage, ukatengeneza matuta yaliyobomoka. Kesho kutwa hivyo hivyo. Kikao kilipokutana tena, Mjomba aliwapeleka wazee shambani wakaone kazi iliyolala ikinisubiri mimi. Wakafika, hakuna kazi. Shamba limekaa kama limepigwa pasi. Na wewe upo pembeni unafuta jembe kwa majani, ukawaamkia wazee wote kwa heshima, mmoja mmoja, ukaenda zako. "Sasa hapo ningesema nini?" Mjomba akaniuliza mimi. "Hata hukunipa nafasi ya kugombana. Baba yako alikuwa mtu mbaya sana."

Nikamuuliza ulilima siku ngapi. Akanishangaa. Akasema, "Siku ngapi? Mpaka Bibi yako alipofariki. Kila Jumamosi."

Baba, kila Jumamosi! Likizo zangu zote nilikuwa nafika Ijumaa, nikiamka Jumamosi haupo. Niliandika kwenye daftari langu, kwa kalamu nyekundu, kwamba baba yangu hapendi kukaa na mimi. Daftari lipo, nimelisoma wiki hii, na mwandiko ni mbaya. Bibi naye hakusema kitu, kwa kuwa mama mkwe hawezi kumtaja mkwe hovyo. Kumbe ulipokuwa ukilima alikuwa anajifungia ndani ili msionane, anakuachia uji mlangoni. Miaka yote hiyo, watu wawili wanaheshimiana mpaka mmoja anajificha, na mimi katikati nasoma shule.

Nilimuuliza Mjomba kwa nini mashati yote yale aliyapokea. Akasema yalikuwa mashati mazuri. Krismasi hii atapata soksi.

Niliteremka mlima nikilia, mpaka mama mmoja wa Bigwa aliyekuwa anauza ndizi akanipa moja bure, akidhani nimeachwa. Usiku sikuandika. Asubuhi nilikaa nikaandika tukio lote kwa kurasa tatu: kofia, mlango, jembe, bonde, matuta. Sikutia neno "upendo" hata mara moja. Lile neno "mcheshi" nimelifuta pia, Mama ameshinda. Nikamsomea Mama hadithi kwa simu. Nilipomaliza akasema, "Matuta hakuyaanzia juu. Alianzia chini." Nikajua sasa ni wewe. Zuhura ameichapa jana, imebaki kusahihisha koma.

Nimepata hadithi nzuri, Baba, na nimeipata kwa gharama ya kujua kwamba nilikukasirikia bure tangu nina miaka kumi na minne mpaka nikakuzika. Siku ya maziko nilikulilia, ndiyo, lakini kuna sehemu ndani yangu ilikuwa bado imenuna nyuma ya ule mlango. Nisamehe. Nafundisha watoto wa watu kumsoma mtu kwa vitendo vyake, na wa kwangu mwenyewe nilikuwa naye miaka yote hiyo sikumsoma.

Sasa nikuage. Mvua za vuli zikianza nitapanda huko na jembe. Shamba la Bibi limeota nyasi, na Mama magoti yamechoka. Nitalilima Jumamosi, nianzie chini kama unavyotaka, na sitamtangazia mtu.

Kuna jambo moja limebaki. Kwenye hadithi nimekatazwa kulisema, na ni sawa, kule halihitajiki. Lakini hii ni barua, Zuhura hataiona, wala hakuna msomaji wa kumwachia kazi ya kubahatisha. Nakupenda, Baba. Nilikupenda hata nikiwa nimenuna.

Haya, nimesema. Dari haijaanguka.

Mwanao,
Agnesi