Tochi Uliyonitumia Bukima

Magesa, mtoto wa dada yangu,

Tunapumua. Neema ameota jino. Unauliza kama tochi uliyonitumia inafaa, ununue nyingine ya kuvulia huko Musoma. Inafaa. Inamulika mbali, na betri zake zipo kila duka.

Mume wangu alikuwaga anaanika betri zilizochoka juani. "Mama Neema, tazama, zimefufuka!" Kweli ziliwaka. Akaenda nazo ziwani. Wenzake waliuona mwanga wake ukififia, kisha wakaupoteza. Hajarudi.

Wewe zikichoka zitupe, baba. Usianike.

Jua likizama nasimama mwaloni, inapofikia mitumbwi, na tochi yako, Neema mgongoni, namulika mpaka mkono unauma. Inaonyesha vizuri sana. Ni maji tu.

Mama yako mdogo