Kucha za Chini ya Kitenge

Jumapili, 6 Oktoba

Nimenyimwa mdomo, basi nitaandika.

Mama Kaluba, kungwi wangu, amehamia kwetu leo na mkeka wake, kinu chake kidogo na sheria zake. Mpaka Jumamosi, siku ya kicheni pati, mbele yake sisemi. Naitikia kwa kupiga makofi taratibu, magoti chini, macho chini. Mimi! Mtu ninayelipwa kupokea simu za wateja kutwa nzima na kuwajibu hata wanaotukana!

Sheria ya kwanza: mkeka wa bibi harusi haukanyagwi kwa kiatu wala soksi, awe nani. Ya pili: hakuna kucheka. Ya tatu sikuisikia, nilikuwa nikitazama vidole vyake vya miguu. Ukiambiwa utazame chini, utatazama nini kingine? Vidole safi, kucha fupi, hazijawahi kuona rangi tangu azaliwe.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Jumamosi nitafunikwa kitenge, nikae mkekani tangu mchana mpaka Mukuka, mchumba wangu, aje kunifunua. Wanawake wa Chilenje nzima, mtaa wetu, watacheza mbele yangu na mimi siruhusiwi kuwaona. Nitakachoona ni mikono yangu juu ya mapaja. Basi mikono hiyo ipendeze!

Jumatatu, 7 Oktoba

Umeme ulirudi kidogo, tukachaji simu, ukaenda zake. Taa yangu ya kukaushia kucha za jeli imekaa juu ya kabati kama pambo. Sawa. Turudi kwenye rangi ya kawaida, ya chupa, ile inayotaka subira — bidhaa ambayo nyumbani kwetu haijawahi kupatikana.

Mpango wangu ni huu. Kwanza rangi ya chini, isiyoonekana, ya kushikilia. Juu yake zambarau ya maua ya mijakaranda yaliyojaa barabarani sasa hivi, mara mbili. Kisha glita ya dhahabu, nzito kwenye ncha, ikipungua kuelekea katikati. Kisha vidoti vyeupe kama vya kanga wa porini. Mwisho rangi ya kioo, kufunika yote, la sivyo glita inabanduka kama magamba. Na kila tabaka likauke kabla ya jingine.

Mkono wa kushoto nilijipaka mwenyewe. Kazi safi! Wa kulia nilimpa Nsama, binti wa mama mdogo, maana mkono wangu wa kushoto ni mjinga. Nsama ananipenda lakini ana mkono mzito. Vidoti tunavitia kwa ncha ya pini ya nywele, kugusa tu na kuondoa. Yeye alikuwa anachoma, kama anayetafuta mwiba. Nilimwambia vidoti vyake ni matone ya uji. Akasema nishukuru, angeweza kukataa.

Halafu joto hili la Oktoba! Nilijilaza kidogo tu baada ya chakula. Kuamka, kitenge nilichojifunika kimejichapa kwenye kucha zote kumi, nyuzi zake unazihesabu. Nimefuta yote kwa asetoni. Chumba kinanuka kama gereji.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimerudia. Safari hii nzuri sana. Nilipepea mikono mpaka mabega yakauma.

Mama Kaluba ameziona. Nilikuwa nimepiga magoti nikimpa maji ya kunawa, akaushika mkono wangu na beseni likabaki hewani. Akauliza, kwa sauti ya upole inayotisha kuliko kelele, kama hizi ni kucha za kuivisha ugali au za kuonyeshwa dirishani dukani. Mama yangu alikuwa pale pale. Hakunitetea! Alijifanya anatafuta chumvi.

Nilipiga makofi taratibu. Ndani nilikuwa nikipiga mayowe.

Akasema rangi ni ya wanawake wasiogusa sufuria. Nsama, Mungu ambariki, hana sheria ya kunyamaza. Akasema Dada Lombe, yaani mimi, anapika na hizo hizo kila siku. Mama Kaluba akamgeukia, kisha akanigeukia mimi. Maneno yake nayaandika kama yalivyo:

"Alhamisi utapika chakula cha kina Mukuka na hizo kucha. Kikisifiwa, utafunikwa nazo. Likirudi neno lolote, unazifuta."

Hicho ndicho chakula cha kuonyesha moto, cha kwanza kabisa kutoka jikoni kwetu kwenda kwao. Wanakikagua kama askari wa mpakani. Kuku aende mzima, viungo vyote, hata shingo isikosekane. Mjomba wake Mukuka ndiye anayekagua, na mzee huyo anajulikana kwa kuvaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Nimekubali. Yaani nimepiga makofi.

Jumatano, 9 Oktoba

Kuna mwizi humu ndani. Chupa ya dhahabu imeshuka, na zambarau pia. Mfuniko umekazwa kwa nguvu ambazo mimi sina. Rangi ya kioo haijaguswa, kwa hiyo mwizi mwenyewe ni mshamba, hajui kazi.

Nimembana Nsama. Ameapa kwa jina la marehemu bibi na kunionyesha mikono: kucha kazitafuna zote, hamna pa kupaka. Tumenuniana mpaka saa ya chai, halafu akaleta vitumbua tukasahau.

Mama Kaluba amevaa soksi. Soksi nzito za sufu, joto hili! Mama alimwandalia maji ya chumvi akidhani miguu imevimba. Amekataa. Mkekani haingii tena, ananifundisha akiwa kwenye kiti, mkeka uko huko na mimi niko huko. Uzee nao una mambo yake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepika! Nimepika, nimepika, na kucha zangu kumi ziko hapa, zinaniangalia.

Nilianza na kuku wawili. Kuchinja alichinja kaka, kukata nilikata mimi, kila kiungo kwenye kiungo chake, Mama Kaluba amesimama nyuma yangu anapumua. Mkono haukuteleza. Kisha ugali wa watu wengi, sufuria lile kubwa la misiba, mwiko mrefu kama jembe. Nilisonga mpaka jasho likaingia machoni. Kila nikipata nafasi natupia jicho kwenye kidole gumba. Kipo! Dhahabu ipo! Rangi ya kioo, mama yangu, ndiyo yenye kazi. Nilipaka mbili.

Karanga za kuungia majani ya maboga ndizo pekee sikutwanga mimi. Mama Kaluba alisema karanga zake hazitaki watu wengi. Akatufukuza jikoni sote, akafunga mlango. Joto la humo lilikuwa la kuokea mkate. Tulimsikia anatwanga na kuimba peke yake, kwa furaha kabisa. Anavyotwanga namjua: anakaa chini, miguu kainyoosha, kile kinu kidogo amekibana katikati ya nyayo. Alipofungua mlango soksi zilikuwa zimevaliwa kinyume. Nsama akanikanyaga mguu. Hakuna kucheka!

Jioni shangazi zangu walivibeba vyungu kichwani, wakaenda wakiimba. Mimi siruhusiwi kwenda. Nilibaki nimekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba, nikizitazama kucha zangu kwenye mwanga wa jua linalozama, na nilifurahi sana. Sijui niseme vipi. Nitaolewa na Mukuka, na nimesonga ugali wa watu arobaini, na nina vidoti vya kanga.

Ijumaa, 11 Oktoba

Limerudi neno.

Mukuka alinitumia ujumbe asubuhi, simu niliificha chini ya mto. Chakula kilisifiwa, kuku alihesabiwa akatimia, mama yake aliongeza ugali mara mbili. Halafu mjomba akatafuna majani ya maboga, akaacha kutafuna. Akaingiza kidole mdomoni. Akatoa kitu kidogo kinachong'aa, akakiweka pembeni ya sahani. Alidhani ni kipande cha jino lake la dhahabu. Wakakisogeza karibu na taa. Kipande cha glita! Mjomba akauliza kama upande wetu huo ndio utaratibu. Mukuka alicheka hadi akatolewa nje.

Yeye anacheka! Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Shangazi naye alishaleta habari jikoni. Mama Kaluba aliniita dirishani. Alishika kidole kimoja kimoja, akakigeuza, akakikagua kwa karibu mpaka pumzi yake ikanigusa. Nami nilikuwa nikihesabu pamoja naye. Zote nzima! Hakuna iliyobanduka, hakuna hata iliyokwaruzwa! Nilimtazama kwa sekunde, kosa kubwa. Alikuwa ametazama pembeni, ukutani, kwenye kalenda.

"Neno ni neno," akasema. "Kesho kabla ya kufunikwa, uzifute."

Nilipiga makofi. Halafu nikaenda bafuni nikalia kwenye taulo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kama glita hiyo siyo yangu, ni ya nani? Nimemuuliza Nsama tena, akaniambia nikimuuliza mara ya tatu hatakuja kunipokelea zawadi. Haki yake.

Mama alikuja kukaa nami kitandani. Akasema ni kucha tu, mwanangu, zitapakwa tena Jumatatu. Najua ni kucha tu. Lakini Jumatatu nitakuwa naruhusiwa kutazama mbele.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika mkekani, kwa haraka. Nje ngoma zimeanza, na vigelegele. Nimesikia sauti za kina dada wa ofisini. Chumbani tuko wawili tu, mimi na Mama Kaluba.

Asubuhi niliwekewa pamba na chupa ya asetoni. Nimekaa navyo tangu nilipooga. Sikufungua. Mkono ulikataa, nikasema acha aje anisimamie mwenyewe.

Amekuja. Akafunga mlango kwa kitasa. Alikuwa na kitenge cha kunifunikia begani, na soksi zile zile. Alifika ukingoni mwa mkeka, akasimama. Leo hakuna kiti, leo lazima akae nami, ndiyo desturi. Nilitazama chini kama nilivyofundishwa. Miguu ilisimama pale muda mrefu. Kisha mkono ukashuka, ukavua soksi ya kwanza. Ukavua ya pili. Akakanyaga mkeka, akakaa mbele yangu, miguu kainyoosha.

Vidole kumi. Zambarau! Zambarau yangu ya mijakaranda! Na dhahabu kwenye ncha, na vidoti — vidoti vimeelemea upande mmoja, vya mtu aliyeinama kujipaka mwenyewe. Hakuna rangi ya kioo. Hata tone. Na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, kwenye ncha, pengo dogo ambapo glita imebanduka.

Kinu amekibana katikati ya nyayo. Mlango umefungwa. Soksi kinyume.

Kwanza ilikuja hasira. Jana nililia kwenye taulo! Nsama nimemwita mwizi! Shangazi zangu wote wako nyuma ya mlango huu, neno moja tu lingetosha. Na baada ya hasira kikaja kicheko, kibaya zaidi. Niliuma mdomo. Mjomba, na miwani yake miwili, na kidole gumba cha Mama Kaluba!

Alijua ninaona. Vidole vilijikunja, kama vinataka kujificha chini ya mguu.

"Mimi nilipofunikwa," akasema taratibu, "nilitazama kucha tupu tangu asubuhi hadi jioni. Mpaka leo nazikumbuka."

Kusema siruhusiwi. Nilivuta kikopo cha biskuti ninachowekea rangi kutoka chini ya kitanda, nikatoa chupa. Nikauchukua mguu wake nikauweka mapajani. Mguu wa mtu aliyetembea sana, mzito, wa moto. Nikaziba pengo kwa dhahabu, kidogo kidogo. Vile vidoti vilivyolala nikaviongezea wenzao kwa pini, vikasimama. Halafu nikafungua rangi ya kioo, nikampaka vyote kumi. Hakusema niache. Katikati nilisikia anapumua puani, na nikagundua anacheka, na sheria ya pili ni yake mwenyewe.

Sasa tunangoja. Chupa ya asetoni iko kati yetu, haijafunguliwa. Kitenge kimekunjwa pembeni. Mama Kaluba anapepea miguu kwa mfuniko wa kikopo cha biskuti, ananitazama ninavyoandika, haulizi.

Shangazi amegonga tena. Anauliza kama bibi harusi ameshafunikwa, wageni wamechoka kungoja.

"Bado," Mama Kaluba amemjibu. "Haijakauka."

Sasa shangazi anauliza ni nini hicho ambacho hakijakauka. Mama Kaluba ameacha kupepea, ananitazama mimi. Nami natazama chini, kwenye kucha zetu ishirini.