Tanzia ya Mbuni

Bula Pesa,
Isiolo.
Jumatano jioni

Kwa dada yangu mkubwa Nakuam, Mama Erot,

Ejoka, dada? Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Lodwar, wewe na shemeji na watoto, pamoja na mbuzi waliobakia. Ukituulizia sisi, tu wazima sote, isipokuwa mimi, ambaye nakuandikia nikiwa nimelala kifudifudi, karatasi iko sakafuni nami nimening'inia ukingoni mwa kitanda kama kenge. Sababu utaiona huko mbele. Usiruke mistari kama kawaida yako.

Kwanza pokea tangazo. Kwa huzuni kubwa, lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu, familia ya Etabo inatangaza kifo cha Mbuni, kilichotokea Jumapili asubuhi jikoni kwa Lorna baada ya kuugua kwa muda mfupi sana. Marehemu alizaliwa mwezi huu huu, kwa miavuli mibovu, shuka moja kuukuu na soksi za njano za kuchezea mpira. Ameacha shingo ya waya, ambayo ilikataa kuungua. Mazishi yameshafanyika na maharagwe yaliiva juu yake vizuri sana. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Najua umefika hapo ukatikisa kichwa, ukasema Etabo ameanza tena. Vumilia. Uliniandikia kwenye simu kwamba umeiona picha ya ngamia wetu mshindi, ukawasifu Mahat na huyo kijana Murithi, kisha ukauliza mbona mimi simo pichani, au naumwa? Sikujibu kwa simu kwa sababu ujumbe wako husomwa na Erot kwa sauti mbele ya wageni. Barua hii anakuletea Ewesit mkononi. Isome peke yako, tena ukiwa umefunga mlango.

Unakumbuka lile kongamano la mavazi nililokuambia, ambalo vijana wanaliita kosplei. Watu wazima na akili zao wanajishonea mavazi ya kuwa kitu kingine: mnyama, shujaa wa katuni, zimwi la hadithi za bibi. Wanatoka Meru, Nanyuki, hata Nairobi, na panga za sponji ya godoro, wanajaza ukumbi mzima. Asubuhi majaji wanapita wakikagua mishono na kukuuliza ulitengenezaje. Wanaopita hurudi alasiri kuigiza jukwaani. Mimi na Mahat tumeshindana huko miaka miwili. Mwaka wa kwanza tulikuwa kobe, wa pili tukawa nzige. Hatukupata hata cheti cha kuhudhuria, lakini tulicheka mpaka mke wangu Lorna akatufukuza nyumbani na chakula tukanyimwa.

Mahat unamjua. Ndiye yule mtoto aliyekula kwetu mpaka mama akamwekea sahani yake. Duka lake la viatu limepakana na cherehani yangu, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kunywa chai ya saa nne bila mimi. Basi mwezi uliopita akaniambia, huku akifunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na haja ya kufungwa, kwamba mwaka huu atakuwa ngamia, ngamia wa watu wawili. Nikasema vizuri, nitashona nundu. Akasema nundu nishone, asante, ila wa kuingia nyuma ni Murithi.

Dada, nilihisi kama mke mkubwa aliyeletewa mdogo.

Murithi ni Mmeru anayeuza viazi na parachichi mkabala na sisi. Alikuja sokoni juzi tu. Ana adabu, ana meno yote, na mgongo wake umenyooka kama rula. Nilimchunguza nimtafutie ila, nikakosa, nikazidi kumchukia. Walipofanya mazoezi nyuma ya duka nilisikia kicheko cha Mahat, kile cha kukwaruza, ambacho nilidhani ni mali yangu. Nikashona nundu yao nikiwa nimenuna. Niliishona vizuri, kwa sababu wivu ni wivu na kazi ni kazi. Kisha usiku nikajishonea mbuni. Nilitaka niwashinde peke yangu, niwaonyeshe kwamba mtu mwenye miguu miwili anatosha.

Jumamosi ikafika. Jaji wa kwanza alinizunguka, akasema kunguru wangu amependeza. Nikamwambia ni mbuni. Akaandika kitu, akanipongeza kwa ubunifu, kisha mama mmoja aliyebeba mtoto akamwonyesha mwanawe kwamba yule pale ni kuku wa mjini. Sikupita. Nilivua kichwa nikakaa kwenye ngazi za ukumbi na soksi zangu za njano, nikingoja kuona ngamia akivuma ili niumie vizuri.

Lakini ngamia naye alipata yake. Wewe umekulia kwenye mifugo, unajua ngamia anavyosimama. Huinua kwanza matako, huku mbele bado kapiga magoti, ndipo anyooshe miguu ya mbele. Hakuna mtu Isiolo asiyejua hilo, hata anayefuga simu. Mahat alimfundisha Murithi, na kwenye mazoezi alifanya. Mbele ya watu, majaji walipomwomba ngamia asimame, Murithi alishindwa. Alinieleza mwenyewe baadaye: alilelewa na nyanya yake, na nyanya alimwambia mdogo hasimami kabla ya mkubwa kusimama, seuze kumwinulia mkubwa makalio hadharani. Basi akangoja kwa heshima. Mahat naye mbele akangoja, joto likamzidi, akasimama yeye kwanza. Ukumbi ukalipuka: "Punda! Huyo ni punda! Mpeni gunia la mkaa abebe!" Majaji wa kutoka Nairobi hawakuelewa watu wanacheka nini, wakawapitisha. Lakini Murithi alitoka ndani ya ile ngozi akiwa amefura kwa aibu, akasema harudi humo hata kwa dawa.

Nitakudanganya nikisema nilisikitika. Nilikula sambusa mbili.

Ndipo Mahat akaja pale kwenye ngazi, jasho linamtiririka. Nikajua sasa ananiomba. Unajua alisema nini? Aliniuliza kama namfahamu mtu yeyote anayeweza kuingia nyuma. Mtu yeyote! Nikamwambia ngoja nikuulizie. Nikauzunguka ukumbi mzima na soksi zangu za njano, nikasalimia watu, nikarudi nikamwambia nimempata mmoja, si mbaya sana, ila ni wa makamo. Alitazama chini, akafungua ngozi. Nikaingia.

Sasa, Mama Erot, hapa ndipo nilipotaka mlango ufungwe.

Ndani ya ngamia ni giza na kunanuka viazi. Umeinama, umeshika mshipi wa mtu aliye mbele, na mkia umefungwa kwenye mshipi wako. Tulitembea jukwaani, tukapiga magoti, watu wakashangilia. Mahat alikuwa na kengele ya mti shingoni, ile koor ya ngamia halisi wa babake kutoka Kulamawe, na ishara ilikuwa kuitikisa mara mbili, mimi niinue nyuma. Akaitikisa. Na wakati huo huo wazo likanijia, tamu kama asali: bila mimi, huyu ngamia haendi popote. Acha amtafute mtu yeyote amwinue.

Sikuinuka.

Akatikisa tena. Akanitukana kwa Kiborana, kisha kwa Kiturkana, matusi niliyomfundisha mwenyewe tukiwa darasa la tatu. Nikatulia kama jiwe. Ndipo sauti yake ikabadilika. Akaninong'oneza kama mgongo umekwama, nimwambie, asimamishe mchezo, waite watu. Akasema hilo ndilo aliloliogopa tangu mwanzo, ndiyo maana akamchukua Murithi. Akasema Lorna alimfuata dukani mwezi uliopita, akamkumbusha siku niliyoletwa nyumbani kwa mkokoteni baada ya kubeba cherehani, akamwapisha kwamba akiniinamisha tena watakosana mpaka kiama, na akamkataza kuniambia, kwa sababu nikiambiwa siwezi ndipo hufanya.

Hapo mtu mwenye moyo mzuri angelia akasimama. Mimi, dada yangu, wivu ulipanda juu zaidi. Kumbe hao wawili wamekaa wakajadili mgongo wangu, wakanywa chai labda, nami sikualikwa! Nikabana magoti zaidi. Kama ningebaki hivyo, tungekuwa pale hadi leo.

Aliyetuokoa ni Mama Raho, yule anayeuza maziwa ya ngamia karibu na msikiti. Alikuwa amekaa mbele na wajukuu. Nilisikia kiti kikisukumwa, kisha fimbo ikigonga mbao za jukwaa. Akaanza kumsema ngamia kama anavyowasema wa kwake: kwamba ana kiburi cha mamake, kwamba malisho anakula na kazi hataki, kwamba amewaona wengi kama yeye wakiishia buchani. Watu wakaanza kumwitikia. Kisha akaushika mkia, ambao nimeshakuambia umefungwa kwenye mshipi wangu, akauvuta kwa nguvu za miaka yake yote, na fimbo ikanitua palipostahili.

Nikainuka. Matako kwanza, kama ngamia wa haki, nusura nimpindue Mahat kichwa chini. Naye akanyooka baada yangu, kengele ikalia, na ule ukumbi, dada, ulipiga kelele ambazo sijawahi kusikia hata siku ya uchaguzi. Jaji mkuu alisema kwenye kipaza sauti kwamba tangu aanze kuamua mashindano haya hajaona ukaidi ulioigizwa kwa uhalisi namna hiyo.

Sasa chukua simu uitazame tena ile picha. Mahat amesimama mbele na tabasamu lake. Aliyeshika kombe ni Murithi, maana jina lililoandikishwa ni lake, alipoitwa akapanda mbio. Na nyuma yao unaiona ngozi ya ngamia imeinama, ukadhani imewekwa juu ya kiti. Si kiti. Ni ndugu yako. Mgongo ulikwama kweli nilipoinuka, sikuweza kunyooka wala kutoka, na Lorna alikuwa safu ya tatu akipiga makofi. Mahat alijua. Ndiyo maana amesimama ametanua mkono hivyo, akinificha. Mkono wa pili haupo pichani: ulikuwa ndani ya ngozi, umeshika kola yangu nisianguke kifudifudi mbele ya wapiga picha.

Nilifikishwa nyumbani kwa gari la viazi, Murithi akiendesha polepole kama amebeba mayai. Lorna alipouliza, Mahat alifungua kinywa, nami nikamwahi. Nikasema ni mbuni. Nikasema ile shingo ya waya ndiyo iliyonivuta mgongo. Asubuhi, kabla ya kanisa, mke wangu alimchukua marehemu kwa shingo akampeleka jikoni, na hukumu ikatekelezwa kama ulivyosoma hapo juu. Basi huo ndio ukweli wote: mbuni alikufa bila hatia yoyote, na aliyestahili ule moto amelala hapa anapakwa dawa mgongoni na Lorna, kwa mkono mzito kiasi kwamba nadhani anajua.

Mahat huja kila asubuhi na maziwa, na chai ya saa nne siku hizi inanywewa kando ya kitanda changu. Lakini huja na Murithi. Murithi huniletea parachichi. Ni tamu, na hilo linaniudhi. Jana nilisimulia kile kisa cha nzige, Murithi akacheka mpaka akamwaga chai, kabla hata Mahat hajacheka. Sijaamua bado kama nimsamehe.

Mahat anakutumia salaam aleikum nyingi, anasema bado anakumbuka sahani yake ilikuwa ya bluu. Lorna anakusalimia na anauliza habari za mguu wako. Msalimie shemeji, na Erot mwambie barua hii haina la kumhusu. Mungu akulinde, nawe uwe na huruma kwa wenye migongo.

Ni mimi mdogo wako, miguu ya nyuma,

Etabo