Mugongo wa Furaha mu mashini

Mama wangu, Koko ya Furaha huko Ngungu,

Hapa Nairobi mvua inanyesha kama kwetu, na Furaha anakula muzuri. Leo walimupiga radio, ile picha ya mifupa ya mugongo, amesimama, ndani ya mashini yenye kufanana kabati bila mulango. Mionzi yake iko kidogo sana, njo maana watamupiga tena bila woga akiendelea kukomaa. Docteur akageuza picha ya mifupa ku ekra, kile kioo cha mashini: mbele, kando, mpaka juu. Furaha akacheka: "Iko kama maharagi ya Koko yenye inapanda ku muti."

Nikauliza kama vitunga vya viazi vyenye ulikuwa unamubebesha ku mugongo njo vilimupinda. Docteur akasema hapana, mugongo unajizungusha wenyewe; korse, ile nguo ngumu ya kushika mugongo, itamusaidia.

Ule mukanda wa kitunga wenye ulitupa ukilia, uokote. Mukanda hauna kosa. Na weye Mama, hauna.

Mutoto wako,
Mama Furaha