Fulana ya Mbio Nimeipunguza

Kwako kitindamimba wangu,

Mimi sijambo, goti tu ndilo linasumbua. Fulana yako ya mbio nimeipunguza kama ulivyoomba. Jirani muuza mkaa alinikuta nayo kwenye cherehani akauliza, "Huyo binti yako anakimbizwa na nani?" Nikamwambia unachangisha pesa za mashine za kuwatia joto watoto njiti. Akasema, "Sasa si angekaa tu tumchangie?" Tukacheka, lakini alitoa, na mumewe naye nikamkamua.

Ila mwanangu, vipimo ulivyoleta vimenitia hofu. Nilidhani umekosea, kumbe ndivyo ulivyokonda. Unakula kweli? Mumeo anasema ukitoka kazini hata hukai, ni viatu na barabara. Basi kitambaa cha pembeni sikukikata, nimekikunja kwa ndani. Mwili ukirudi nitaifumua.

Tangu tumzike mjukuu wangu sijakusikia ukilia. Nami naogopa kukuuliza, kila ukipiga simu nakuuliza habari za mvua. Sikusoma sana, lakini uzazi naujua: kosa si lako. Hukuchelewa hospitali. Siku ile mashine zilikuwa zimejaa, basi.

Kimbia, mama, nakuombea. Lakini ukizidiwa njiani, tembea. Pesa zimeshatolewa, hakuna atakayezidai, na mtoto hatasema umemwacha. Ukitaka kukaa chini ulie mbele za watu, kaa. Nauli nimeshapata. Nitakuwa pale pembeni ya barabara, nitakuja nikae na wewe.

Ni mimi mama yako.